Ngoma Si Sauti ya Goblini

Nianze na wewe utakayekasirika, ili tumalizane mapema. Kama unaendesha gemu za mezani Meru, Embu, Chuka ama popote pale kwenye miteremko ya huu mlima wetu, na kila adui akikaribia unafungua simu unaweka ngoma za Kiafrika, halafu wachezaji wakifika kijiji cha watu wazuri unaweka filimbi na vinanda vya Ulaya, hii posti ni yako. Sijakutaja jina kwa sababu mko wengi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: gemu ninazosema si za simu wala za PlayStation. Ni watu wanne, watano, wamekaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema mmefika kwenye pango na kuna harufu ya kitu kimeoza. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Dadu la pande ishirini linaamua kama umefaulu. Dungeons & Dragons ndiyo mama ya hizo zote, ilitoka Marekani mwaka 1974. Sisi tunacheza wikendi. Nusu ya meza ni watu wa Embu, nusu ni wa Meru, kwa hivyo mara nyingi tunapatana Chuka, ambayo iko katikati, na hakuna upande unaoweza kulalamika kuhusu nauli. Muziki unatoka kwa spika ndogo ya Bluetooth iliyokaa kati ya thamosi ya chai na mfuko wa muguka. (Jamaa yetu wa Igembe huita muguka chakula cha mbuzi. Hayo ni mabishano ya siku nyingine.)

Sasa huo muziki. Watu hudhani ni mapambo tu, kitu cha kujaza kimya. Hapana. Kwenye gemu ya mezani hakuna picha. Kuna maneno ya msimulizi na kuna kile masikio yanasikia, basi. Wimbo unaambia mwili ufanye nini kabla kichwa hakijaamua. Weka kinubi taratibu, watu wanaegemea viti. Weka besi nzito isiyobadilika, mtu anaanza kuhesabu mishale aliyobaki nayo. Ukifanya hivyo vikao kumi, mwili umeshafundishwa. Na meza nyingi za hapa kwetu zimefundishwa somo moja: ngoma ikilia, toa upanga.

Nimeona hiyo kitu kwa macho yangu. Mwaka jana tulipata wachezaji wapya wawili, vijana wa upande wa Runyenjes. Hadithi ilikuwa rahisi: msafara umepotea msituni, ni usiku, chakula kimeisha. Nikaweka ngoma kwa mbali, sauti chini kabisa. Sikusema neno. Mmoja akasema, "Najificha nyuma ya mti, natoa mshale." Mwenzake akasema anazima mwenge. Manze, kule mbele nilikuwa nimepanga harusi! Kulikuwa na mbuzi watatu kwa moto, pombe ya asali, na bibi harusi mwenye siri moja iliyokuwa ndio mwanzo wa kampeni yote. Wakakaa kwenye giza dakika arobaini za saa ya kweli, wanakufa njaa, wanaogopa sauti ambayo babu zao wangeisikia na kuanza kutafuta viatu wakimbilie huko.

Hao vijana si wajinga. Wamefundishwa, na waliofundisha wana majina.

Chukua Tolkien. Kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings kilitoka 1954, na mle ndani ya migodi ya Moria kitu kinachotangaza kwamba maadui wanakuja ni ngoma kutoka tumboni mwa mlima. Nakipenda kile kitabu, nimekisoma mara mbili kwa simu yenye kioo kilichopasuka, lakini ndivyo ilivyo. Rudi nyuma mpaka 1933, filamu ya King Kong: kisiwa, ukuta mkubwa, watu weusi, ngoma, na msichana mzungu anayetolewa kafara. Muziki wake aliutunga Max Steiner, na Hollywood ikaendelea kujifunza kutoka kwa filamu ile kwa miaka mingi. Kisha njoo karibu na nyumbani. Mwaka 1975 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilitoa santuri ya rekodi ambazo Mwingereza David Fanshawe alizifanya Kenya na Tanzania. Unajua waliipa jina gani? Witchcraft & Ritual Music. Yaani muziki wa uchawi na matambiko. Fanshawe alifanya kazi nzuri ya kurekodi, na walitoa nyingine yenye jina la heshima kidogo, lakini mfikirie mtu wa New York aliyeingia dukani akainunua hiyo ya kwanza. Kabla sindano haijagusa santuri, ameshaambiwa aogope.

Halafu sisi, watoto wa hapa, tunaingia kwenye maktaba za sauti za bure mtandaoni na kutafuta ngoma. Mimi kila nilipotafuta, nilizikuta kwenye mafungu ya vita, msitu na hatari. Tunapakua kwa bando letu wenyewe, tunazileta Chuka, tunawatisha nazo watoto wa Runyenjes. Hiyo ndiyo inaniuma. Mzungu akituogopa ni shida yake. Ila sisi kujiogopa mezani petu, huku tumekula chapati za mama, hapo nakataa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina karatasi ya kunipa ruhusa ya kusema mambo ya utamaduni. Lakini masikio ninayo na Kiswahili ninacho. Neno lenyewe linakataa huo ujinga. Ngoma ni kile chombo, sawa. Ngoma pia ni densi. Ngoma ni sherehe nzima, ndiyo maana watu wa kale walienda ngomani. Na leo dijei akiangusha wimbo mkali, unasema hii ngoma imeweza. Neno moja linabeba chombo, mwili, umati na raha, halafu wewe unachukua sauti yake unampa goblini mwenye rungu!

Na tuko Chuka, jameni. Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana Kenya nzima, na zile ngoma zao ndefu wanazozibana katikati ya mapaja, wameinama mbele, wanaruka nazo bila kupoteza mdundo. Tuliwatafuta wazee watatu wanaojua kuzipiga, tukaenda kurekodi nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Tuliwalipa kabla hawajagusa ngoma. Rafiki yangu wa Embu, aliyeshika kinasa sauti, akaomba:

"Mzee, sasa tupigie ile ya vita."

"Ya vita?"

"Ndio mzee, ile ya adui akija."

Mzee akacheka mpaka akaweka ngoma chini. Akamwambia, "Kijana wangu, adui akija mikono yangu yote miwili iko hapa. Nitapigana naye na nini? Na meno?" Wenzake nao wakaanza kucheka. Kisha akatueleza bila haraka kwamba kukiwa na hatari watu hupiga nduru, au pembe inapulizwa, na ngoma unaitoa wakati watu wameshafika, wameshiba, na kuna sababu ya kuruka. Tuliporudi kwa gari hakuna aliyeongea mpaka tukapita soko.

Najua mtaniletea mifano. Ndiyo, ziko sehemu za Afrika ambako ngoma ilihusika na vita. Lakini hata huko haikuwa kazi yake pekee. Buganda, zile ngoma za kifalme, Mujaguzo, ni alama ya ufalme wa Kabaka mwenyewe. Ukizisikia, unajua kuna mfalme. Kwenye gemu za watu wetu, ni lini mara ya mwisho ngoma ililia mfalme mwenye hekima akaingia? Mfalme mwenye hekima huingia na tarumbeta za London.

Jibu ninalopewa kila wakati ni hili: "Buda, ni fantasia, ni dunia ya kubuni, wacha siasa." Sawa, ni ya kubuni. Basi niambie, kwa nini kwenye dunia ya kubuni pombe inasikika kama Ireland? Nani alituma ujumbe kwamba kibanda cha pombe lazima kiwe na fidla? Kama tunabuni, tubuni. Msimulizi anayesema hii ni dunia yangu mwenyewe, halafu kila sauti ndani yake ameitoa Skyrim, gemu ya 2011 iliyojaa theluji, hajabuni chochote. Amehamia kwa nyumba ya mtu na hata kitanda hajageuza.

Nikishasema hivyo, anaamka mwingine wa upande wa pili, mzalendo kupita kiasi, anataka kila kitu kiwe cha kwetu na kila kitu kipigwe. Alikuwepo mmoja mezani petu aliyetaka pambano la mwisho la kampeni liwekewe nyimbo za tohara za Kimeru. Nilikataa na ningekataa tena kesho. Kila mwanaume wa Meru pale mezani anakumbuka alikuwa wapi usiku ule alipoimbiwa. Hizo nyimbo zina usiku wake na zina watu wake. Huwezi kuzitandika chini ya mapigano na joka kama mkeka, halafu mbele ya wasichana wa meza yetu ambao hata hawapaswi kuzisikia vile. Na ukiirekodi hiyo kuifanya kontenti ya kukuletea pesa, jua kuna sheria Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Jamii ina haki juu ya nyimbo zake, na biashara nazo inataka idhini kwanza. Watu husoma sheria za hakimiliki za YouTube mpaka wanazikariri, lakini hii ya kwetu hawajawahi kuifungua.

Kuna pia shida ya maneno, na hii ni ya ufundi, haina siasa. Muziki wa chinichini ukiwa na maneno ambayo wachezaji wanayaelewa, umekufa. Wataacha kukusikiliza wewe, watamsikiliza mwimbaji. Ndiyo maana Kimeru cha kuimbwa hakifanyi kazi Meru na Kiembu hakifanyi kazi Embu. Mtu anaanza kuimba kiitikio wakati mwenzake anakufa. Mfano mkubwa ni Baba Yetu. Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya gemu ya kompyuta ya Civilization IV, 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mmarekani akisikia anaona ulimwengu unafunguka. Mimi nikisikia, nafunga macho na kuinamisha kichwa kama niko Sunday school. Nauheshimu sana, hasa kwa sababu ulifungua gemu nzima badala ya kutangaza washenzi wanakuja. Ila mezani Chuka, haiwezekani. Tuliujaribu mara moja, msichana mmoja akasema amina.

Basi watu wanaenda kutafuta lugha isiyojulikana mezani. Kwetu hiyo ikawa Kijaluo, na wimbo ukawa Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada, ule wa nyatiti uliotumika kwenye filamu ya The Constant Gardener, 2005. Kwa sababu ya ile filamu, kila msimulizi anauweka mhusika akifa. Nyatiti inalia, watu wanashika vifua. Lakini kothbiro maana yake ni mvua inakuja, na wimbo wenyewe unahusu kurudisha ng'ombe nyumbani kabla haijanyesha. Mtu wa Siaya akiketi kwenye meza yetu wakati tunalia, atadhani tumepoteza ng'ombe. Sisemi usiutumie, ni mzuri mno. Nasema jua unachokitumia, na ukipata mjaluo mezani muulize. Sisi tulianza kuuweka wahusika wakiwa njiani kurudi nyumbani jioni na mawingu yamejikusanya, na ghafla wimbo ukapata pumzi.

Sasa, mnauliza, hofu inatoka wapi kama ngoma umeichukua? Kwanza, zima. Zima kila kitu. Meza iliyozoea muziki ikinyimwa muziki, mtu anasikia mate yake yakishuka. Pili, mnaishi karibu na msitu wa Mlima Kenya na hamjawahi kumtumia perere? Mnyama mdogo wa mtini, saizi ya sungura, usiku analia kama mtu anayenyongwa polepole. Niliweka sauti yake sekunde sita tu na jamaa wa miaka ishirini na minne, ana ndevu, akasogeza kiti karibu na ukuta. Tatu, mvua. Kuanzia Machi hadi Mei huna haja ya kutafuta. Ikigonga mabati hata spika haisikiki, kwa hivyo acha kushindana nayo, andika hadithi yenye mvua. Na pembe, ile aliyotutajia mzee. Pembe moja, mara moja, bila maelezo. Wachezaji wangu sasa wakisikia pembe wanasimama kwa miguu yao ya kweli.

Kitu kilichonithibitishia kwamba hii inafanya kazi ni kampeni yetu ya Mbwaa. Wameru mnaijua, Waembu walibidi waelezwe. Kwenye masimulizi ya Wameru, mababu waliishi Mbwaa, upande wa pwani, wakitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Wakapewa mitihani isiyowezekana, kama mkuki wa kufika mbinguni na ndara zenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe wakatoroka usiku na kuvuka maji. Waliovuka gizani wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka Njeru, weupe. Niambie kama kuna kampeni ya kununua inayoshinda hiyo. Kuna Farao, kuna vitendawili, kuna safari, na kila mchezaji anachagua anavuka saa ngapi.

Nguo Ntune niliwapa kinanda kikubwa cha kanisa la Ulaya. Makusudi. Kilikuwa kitamu, hakuna aliyejua amkimbie nani mpaka akachelewa. Kuvuka kwenyewe hakukuwa na muziki, ni maji tu niliyorekodi mto Thuchi, yule anayetenganisha Embu na sisi wengine. Kundi la alfajiri lilipata filimbi moja nyembamba. Ngoma za wale wazee zilingoja. Zilingoja vikao vitatu, saa karibu kumi na mbili za kucheza, na zililia mara ya kwanza wakati mguu wa mtu wa mwisho ulipokanyaga nchi kavu. Hakuna aliyegusa upanga. Yule kijana wa Runyenjes aliyewahi kujificha nyuma ya mti alisukuma kiti, akasimama, akaanza kutikisa mabega.

Mama wa nyumba tunayochezea alitokea mlangoni wakati huo huo. Akauliza kama tunaita pepo. Sikumjibu vibaya, ni mama na chai ni yake. Nilimuuliza tu, "Mama, kile kinanda cha wiki mbili zilizopita, kile cha wale wabaya, hukukisikia?" Akasema alikisikia, kilikuwa kizuri, alidhani tumeanza kusali. Na huyu mama Jumapili kanisani kwao hupeleka sadaka akicheza, ngoma mbili zikipigwa kando ya madhabahu. Nikamkumbusha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza hao watu wamevuka wote ama kuna waliobaki.

Waembu nao walidai haki yao, kwa hivyo sasa tuko kwenye hadithi ya Mwenendega na yule mwanamke mrembo aliyemkuta penye maji. Kichaka chao kitakatifu kipo mpaka leo karibu na Runyenjes. Kwa hiyo nimeweka vyura tu. Vyura wa kawaida, wa usiku, kutoka bondeni.

Kuhusu zile rekodi za ngoma, kwa sababu najua mtaziomba: ninazo dakika kumi na nne safi, na nyingine sita zenye jogoo, ambazo naona ni bora zaidi. Sizitoi. Tuliwaambia wazee ni za meza yetu, wakakubali ni za meza yetu, na pesa tuliyowapa ilikuwa ya hiyo. Ukitaka zako, panda matatu mpaka Chuka, uliza watu sokoni nani bado anapiga, beba pesa na sukari, na lipa kabla ya kurekodi. Na usimwambie mzee akupigie ya vita.